Korodani ya mtoto haijashuka: usisubiri jando. Mwongozo kamili kwa wazazi wa Mtwara na Lindi

Alikuwa na miaka tisa. Mjomba wake alimleta kutoka kijijini, huko juu kwenye uwanda wa Makonde, wiki mbili kabla ya jando. Ngariba alikuwa amemkagua, akakuta mfuko upande wa kulia mtupu, akakataa kumgusa. Ngariba yule namshukuru mpaka leo. Nilipofungua kadi ya kliniki ya mtoto nikahesabu: alikuwa amepimwa uzito mara kumi na nne kabla ya kufikisha miaka miwili. Mara zote hizo alining'inizwa kwenye mzani na hakuna muuguzi aliyemvua nepi akamwangalia. Saini moja kwenye kadi ile ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo kila mtoto wa kiume anayepita mikononi mwangu namwangalia. Nimeandika mwongozo huu ili na wewe umwangalie wako, na ujue la kufanya ukikuta mfuko mtupu, mpaka kwenye upasuaji wa matundu madogo, ule wa kupitisha kamera tumboni, ambao wazazi wengi huuogopa bila kuelezwa.

Kwanza ujue kinachotokea

Korodani, au kende kama wengi tunavyosema nyumbani, hazianzii kwenye mfuko. Huumbwa ndani ya tumbo la mtoto, karibu na figo. Kuanzia kama mwezi wa saba wa ujauzito huteremka kupitia kinena mpaka mfukoni, na safari hiyo inaweza kukwama popote njiani. Kwa watoto waliozaliwa miezi imetimia, kama 3 kati ya 100 huzaliwa moja au zote zikiwa hazijafika. Kwa njiti inaweza kufika 30 kati ya 100.

Nyingi humalizia safari zenyewe miezi michache baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo bibi akisema "itashuka tu", hajakosea, lakini maneno yake yana mwisho, na mwisho huo ni umri wa miezi sita. Ikipita hapo ni nadra sana korodani kushuka yenyewe. (Kwa njiti, hesabu miezi sita kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.) Haitokani na kitu alichokula mama, wala si kurogwa, na wala si dalili kwamba mtoto hatakuwa mwanaume kamili.

Kwa nini tusiiache huko huko? Mfuko una ubaridi kuliko tumbo, tofauti ya nyuzi 2 hadi 4, na korodani imeumbwa kuishi kwenye ubaridi huo. Ikikaa kwenye joto la tumbo huanza kupoteza chembe zinazokuja kutengeneza mbegu, na hasara hiyo huanza kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Pia huambatana mara nyingi na ngiri, kwa sababu njia iliyopaswa kufunga nyuma yake hubaki wazi, na korodani yenyewe inaweza kujisokota. Tena kuna saratani ya korodani ukubwani. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia wanaume karibu 17,000 waliofanyiwa upasuaji huu, ulionyesha kwamba waliopasuliwa kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari kama mara mbili ya wanaume wengine, na waliopasuliwa baada ya umri huo zaidi ya mara tano. Saratani hiyo yenyewe ni ya nadra, kwa hiyo takwimu hizi zisikunyime usingizi. Zikuharakishe tu.

Hatua ya kwanza: mwangalie mwenyewe nyumbani

Chagua wakati ametoka kuoga maji ya uvuguvugu na ameshiba. Mtoto akihisi baridi au akilia, msuli wa kinena huvuta korodani juu, nawe utaogopa bure. Mkalishe mapajani pako, mgongo wake ukiegemea kifua chako, miguu yake ikunjwe kama aliyekaa mkeka. Sugua viganja vyako mpaka vipate joto.

Tazama kabla ya kugusa. Mfuko wenye korodani una uzito wake na mikunjo yake; upande mtupu huwa bapa na laini. Kisha weka vidole vya mkono mmoja juu, karibu na mfupa wa nyonga, uvishushe taratibu kwenye kinena kuelekea mfukoni kama unayesukuma punje ya kunde chini ya kitambaa. Mkono wa pili uusubirishe mfukoni. Korodani ya mtoto mchanga ni ndogo kama harage dogo, inateleza, na haimuumi ukiigusa kwa upole.

Utakuta moja kati ya mambo matatu. Kama inashuka mpaka mfukoni na kutulia hapo japo kidogo, hiyo ni korodani inayopanda na kushuka kwa mvuto wa msuli. Haihitaji kisu, ila iangaliwe kila mwaka mpaka abalehe, kwa kuwa baadhi huja kupanda moja kwa moja. Kama unaihisi kinenani lakini ukiiachia inaruka juu papo hapo, haijashuka. Na kama huihisi popote, iandike hivyo na umwambie muuguzi kwa maneno hayo hayo: "Siihisi popote." Kati ya watoto wenye tatizo hili, kama 2 hadi 3 kati ya 10 wako kundi hili la mwisho, na hao ndio upasuaji wa matundu madogo uliowekwa kwa ajili yao.

Hatua ya pili: tumia ratiba ya chanjo

Huna haja ya kalenda nyingine. Siku anazaliwa, kabla hamjatoka wodini, muulize mkunga: "Zote mbili zipo?" Ukienda chanjo ya wiki 6, 10 na 14, rudia swali. Akienda kupewa vitamini A ya miezi sita, hapo ndipo pa kuamua. Kama mfuko bado ni mtupu, usiondoke bila barua ya rufaa. Chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 ikukute tayari umeshaonana na daktari wa upasuaji, na ile ya miezi 18 ikukute upasuaji umeshafanyika. Umri unaopendekezwa ni kati ya miezi 6 na 18.

Kuna hali tatu ambazo hazisubiri ratiba hii.

Kama mtoto amezaliwa na *zote mbili* hazihisiki, au mfuko ni mtupu na tundu la mkojo liko chini ya uume badala ya kwenye ncha, aonwe na daktari siku hiyo hiyo kabla hamjaenda nyumbani. Wachache kati ya hawa wana tatizo la homoni ambalo katika wiki za mwanzo huleta kutapika, kulegea na hata kifo, nalo linatibika. Mtoto huyu asitahiriwe mpaka daktari aseme. Mara nyingi govi ndilo hutumika kurekebisha tundu la mkojo.

Ya pili: mtoto mwenye mfuko mtupu akipata ghafla uvimbe wenye maumivu kinenani, analia hanyamazi, anatapika. Inaweza kuwa korodani imejisokota au ngiri imebana utumbo. Korodani iliyosokotwa huhesabiwa saa, kama sita hivi, kabla haijafa. Usimkande wala usimpake dawa. Kodi bodaboda, bajaji, chochote kilichopo.

Ya tatu si ya dharura ya leo lakini isisogezwe: kijana mkubwa aliyegundulika kwenye maandalizi ya jando kama yule wa miaka tisa. Hajachelewa kupita kiasi, bado upasuaji unamfaa, ila aende sasa na jando lisubiri. Familia nyingi siku hizi hutahiri hospitali na mafundisho yakafuata baadaye, kwa hiyo muulize daktari kama tohara inaweza kufanyika katika usingizi ule ule.

Hatua ya tatu: rufaa, mjomba na fedha

Zahanati au kituo cha afya kitakuandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya au moja kwa moja ya mkoa: Ligula kwa walio Mtwara, Sokoine kwa walio Lindi. Ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara, na za misheni, Ndanda na Nyangao, ambazo watu wa Masasi, Ruangwa na Nachingwea wamezizoea. Kabla ya kupanda gari piga simu au mtume mtu aulize maswali mawili tu: daktari wa upasuaji anayepasua watoto wadogo yupo lini, na je, wanafanya upasuaji wa matundu madogo kwa mtoto wa umri huu? Korodani inayohisika kinenani inaweza kutibiwa kwa mchano mdogo wa kawaida karibu na nyumbani. Isiyohisika inahitaji kamera na mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto. Kama havipo, mtaelekezwa Muhimbili, ambako kuna madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto.

Usikubali kuzungushwa kwa ajili ya ultrasaundi. Kwa korodani isiyohisika kipimo hicho hukosea mara nyingi. Kikisema "haipo" huwezi kukiamini, na kikisema "ipo" bado mtoto atahitaji kupasuliwa. Nimeona mama akitumia miezi minne na fedha za mauzo ya ufuta akizunguka na picha zinazopingana, wakati angekuwa ameshaonwa na daktari. Sindano za homoni za kushusha korodani nazo hazipendekezwi tena.

Sasa mjomba. Kwetu Wamakonde, Wamwera na Wayao mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana neno lake. Nimeshuhudia upasuaji ukiahirishwa mlangoni kwa sababu mjomba hakushirikishwa. Mshirikishe mtoto anapotimiza miezi sita, siku ile ile unapopewa rufaa, wala usingoje siku ya kusaini fomu. Mwende naye kliniki ikiwezekana, aweke mkono wake mwenyewe kwenye mfuko, ahisi. Shaka nyingi huisha hapo. "Shikamoo mjomba, huyu mwanao ana kende moja, ya pili tunaitafuta" ni sentensi inayofungua mazungumzo bila kumwaibisha mtu.

Kuhusu gharama: sera ya afya inawasamehe watoto chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali, sababu nyingine ya kutongoja jando. Lakini nauli, chakula na malazi ya mama viko juu yenu, na baadhi ya dawa mnaweza kuambiwa mkanunue nje. Kama hamna kitu, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndiyo ya kwenda kabla ya kukata tamaa. Wengi wetu fedha hushikwa msimu wa korosho, minada inapoanza Oktoba, kwa hiyo mtoto anayetimiza miezi sita Machi au Aprili ombewe tarehe mapema na fedha ziwekwe kando mnada ukilipa. Kama ni safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara, acheni siku mbili tatu za nafasi wakati wa masika. Mnakumbuka Mei 2024 barabara ilivyokatika upande wa Kilwa na watu wakakwama.

Hatua ya nne: maandalizi

Wiki ya mwisho, mkinge mtoto na mafua na malaria. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Akipata homa au kikohozi cha makohozi, sema. Upasuaji utasogezwa, na ni bora hivyo kuliko mtoto kulazwa usingizi mapafu yakiwa machafu. Atapimwa wingi wa damu. Kama kuna seli mundu au damu kutoganda katika ukoo, taja. Kama anapewa dawa za miti shamba, taja pia, hakuna atakayekugombeza.

Kufunga kula ndipo akina mama wengi hukosea, kwa huruma. Tuseme upasuaji ni saa mbili asubuhi. Uji, maziwa ya ng'ombe au ya kopo mwisho saa nane usiku. Ziwa la mama mwisho saa kumi alfajiri. Maji matupu mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Chakula kikibaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu akiwa amelala. Kama bibi amempa andazi kwa kumwonea huruma, mwambie mtaalamu wa usingizi ukweli. Tarehe nyingine itapatikana.

Hatua ya tano: ndani ya chumba cha upasuaji

Utamkabidhi mlangoni. Atapewa usingizi kamili, nusu kaputi kama tunavyoiita, hatahisi wala hatakumbuka. Jambo la kwanza daktari hufanya msuli ukishalegea ni kumpapasa tena, kwa sababu wakati mwingine korodani iliyojificha huhisika mtoto akiwa amelala, na mpango wote hubadilika kuwa mchano mdogo wa kinena. Usishangae ukiambiwa hivyo baadaye.

Kama bado haihisiki, kibofu hutolewa mkojo, kisha tundu la milimita 3 hadi 5 hutobolewa kitovuni. Hewa ya kaboni dioksaidi huingizwa taratibu, tumbo linainuka kama kanga iliyoshikwa na upepo, ili utumbo ukae kando na kamera ipate nafasi. Nimesimama mara nyingi nyuma ya madaktari nikitazama kioo. Unaona mshipa wa damu wa korodani, mwembamba, mwekundu, na pembeni yake mrija mweupe wa mbegu. Madaktari huifuata mishipa hiyo kama anayefuata kamba gizani ajue ng'ombe amefungwa wapi.

Wakati mwingine kamba inaishia tumboni bila kitu. Maana yake korodani ilikuwepo, ikakosa damu mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, ikasinyaa na kupotea. Kazi imekwisha, tundu linafungwa, na mzazi anaambiwa ukweli: mtoto ana moja, na moja nzima inatosha kubalehe na kuzaa. Wakati mwingine kamba inapita na kuingia kinenani. Hapo kinena hufunguliwa, na kinachokutwa ama ni korodani ya kushushwa ama ni kipande kilichokauka cha kuondolewa.

Na wakati mwingine iko pale pale tumboni, nyeupe, inang'aa, kama yai dogo la mjusi. Matundu mengine mawili madogo hutobolewa kwa ajili ya vyombo. Kama iko karibu na mlango wa kinena, ndani ya sentimita 2 hivi, huachanishwa na utando unaoishikilia, ikavutwa mpaka mfukoni na kushonewa kwenye mfuko mdogo chini ya ngozi. Siku hiyo hiyo imekwisha, kwa kawaida ndani ya saa moja hadi mbili.

Kama iko juu sana, mshipa wake wa damu ni mfupi na haufiki. Hapo hutumika njia iliyoelezwa na madaktari wawili wa Australia, Fowler na Stephens, mwaka 1959: mshipa ule mfupi hubanwa, na korodani huachwa ilipo kwa kama miezi sita, ijifunze kula damu kupitia mshipa mwingine mdogo unaoandamana na mrija wa mbegu. Kisha mtoto anarudi, na safari hii inashushwa. Sisitizo langu kubwa liko hapa. Ukiambiwa "hatua ya kwanza imefanyika", korodani *bado iko tumboni*. Familia zimetoweka kwa sababu kidonda kimepona na mtoto anacheza. Andika tarehe ya kurudi kwenye kadi, kwenye simu, na umwambie mjomba. Hata mkirudi, si zote zinazobaki hai: kwa njia hii ya hatua mbili hufaulu kama 8 kati ya 10, wakati inayohisika kinenani hufaulu zaidi ya 9 kati ya 10. Daktari asipokuambia hili, muulize.

Hatua ya sita: nyumbani

Wengi huruhusiwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Lakini kama unatoka Liwale, Tandahimba au Nanyumbu, tafuta ndugu mjini ukae naye siku nne tano. Barabara ya vumbi na kidonda kipya haviendani, na kama kuna tatizo uko karibu.

Mpe parasetamo ya maji kwa kipimo alichoandikiwa kulingana na uzito wake, kila saa sita kwa siku mbili tatu, bila kungoja alie. Mfuko utavimba na kuwa na rangi ya zambarau kwa wiki moja au mbili, ni kawaida. Bega linaweza kumuuma siku ya kwanza kwa sababu ya hewa iliyobaki tumboni. Kidonda kiwe kikavu siku mbili, kisha aogeshwe haraka kwa maji safi na kukaushwa kwa kugusagusa. Nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe. Usipake majivu, mafuta wala dawa ya meno.

Jambo ambalo fomu za hospitali hazisemi: usimbebe mgongoni. Mbeleko hutanua mapaja na kuvuta pale pale palipounganishwa. Kwa wiki mbili mbebe kifuani, miguu ikiwa pamoja, au umlaze begani. Kwa mtoto mkubwa, asipande baiskeli, asikae tandiko la bodaboda kwa kutanua miguu, asipande miembe wala mikorosho, na mpira wa miguu usubiri wiki nne.

Mrudishe bila kungoja tarehe akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, tumbo kuwa gumu, kutapika kusikokoma, kushindwa kukojoa, au mfuko kuvimba na kuwa mgumu zaidi kila siku badala ya kupungua.

Hatua ya saba: miaka inayofuata

Ataangaliwa baada ya wiki moja au mbili, kisha karibu miezi mitatu, kisha baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, kuona kama korodani imebaki mfukoni na inakua. Nyumbani endelea kumwangalia akioga, kwa sababu chache hupanda tena.

Uwezo wa kuzaa huulizwa kwa kunong'ona, nami hujibu kwa sauti. Aliyekuwa na tatizo upande mmoja na akatibiwa mapema hupata watoto karibu sawa na wenzake. Aliyekuwa nalo pande zote mbili nafasi yake hupungua, wala haifutiki, na kadiri alivyotibiwa mapema ndivyo anavyosalimika zaidi.

Akifika umri wa kubalehe, baba au mjomba amkalishe amweleze alifanyiwa nini akiwa mdogo, na amfundishe kujipapasa mara moja kwa mwezi akioga. Akihisi uvimbe mgumu usiouma, aende hospitali. Karatasi ya upasuaji, ile inayosema korodani ilikutwa wapi na ilishushwa vipi, iwekwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Yule wa miaka tisa karatasi yake anayo mjomba wake, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na ameshanionyesha mara mbili kwamba bado ipo.